Shamba la Bwana Kesho

Kuna harufu ya vumbi linaloungua juu ya balbu ya projekta ambayo wengi wenu wa rika langu mtaikumbuka. Si moshi, wala si harufu ya waya. Ni kama mtu anayepiga pasi shuka lililosahaulika sandukuni. Niliisikia tena juzijuzi katika chuo ninakosomea utengenezaji wa filamu, mimi mwanamke mzima mwenye watoto wawili sekondari, nimekaa katikati ya vijana wanaoniita Mathe. Mhadhiri wetu alikuwa ametoa stoo projekta kuukuu ili tuone jinsi filamu zilivyokatwa na kuunganishwa kwa mkono kabla ya kompyuta kuja.

Alituonyesha vipande viwili. Katika cha kwanza, mlinzi mzee amelala kwenye kiti. Katika cha pili, mlango wa duka umevunjwa. Darasa zima likacheka, na kijana mmoja akasema, "Huyo ni wa kufutwa kazi leo leo!" Mhadhiri akauondoa ule mlango, akabandika mahali pake picha ya mtoto mchanga aliyelala, kisha akawasha tena. Mlinzi yuleyule, usingizi uleule. Safari hii wasichana waliokuwa nyuma yangu wakasema, "Woiye, babu amechoka."

"Hawa watu hawajawahi kukutana," mhadhiri akasema huku akizima mashine. "Mlinzi ni wa hapa chuoni. Mtoto ni wa dada yangu. Duka hata sijui ni la nani. Waliowakutanisha ni nyinyi."

Vijana wakaandika. Mimi kalamu ilinitoka mkononi na sikuweza kuinama kuiokota. Nilitoka nje nikaketi kwenye ngazi. Tangu utotoni nilikuwa nimeishi na jambo moja ambalo sikuwahi kulitilia shaka: kwamba baba yangu alikuwa na shamba lingine, na katika shamba hilo alikuwa na nyumba nyingine. Niliamini hivyo kwa sababu niliona kwa macho yangu. Niliona kwenye sinema.

Kwetu ni Musanda. Wakati ninaousema, miwa ilikuwa imemeza kila kitu. Iliota mpaka kwenye madirisha ya jikoni, ikafuta vijia tulivyovijua, na ukisimama uani hukuona boma la jirani ila moshi wake. Harufu ya molasi ilikuwa kwenye nguo, kwenye maji, kwenye nywele. Watu walikuwa wanaezua nyasi na kupiga mabati, redio zinalia kila boma, na wanaume, miwa ikishalipwa, walikuwa wanaongeza mabibi. Sisi watoto tulilijua hilo kama tulivyojua msimu wa kumbikumbi. Mtu alikuwa anaondoka asubuhi kwenda kuchukua malipo, na jioni anarudi na mama mpya kwenye keria ya baiskeli.

Baba hakuwa hivyo, au ndivyo tulivyodhani. Alikuwa mtu wa maneno machache na mikono mipana, na aliniita Mama kwa kuwa nilipewa jina la mama yake. Wakulima wa upande wetu walikuwa wamemchagua asimamie zamu za kukata miwa, yaani nani atangulie na nani angoje. Kazi hiyo hutamaniwa na mtu anayependa kuhongwa kuku. Baba hakukubali hata yai. Alisema ukila ingokho ya mtu leo, kesho huwezi kumwambia angoje.

Siku watu wa kamera walipokuja, shule zilikuwa zimefungwa. Zamu ya kukata ilikuwa yetu wenyewe, na trekta lililotakiwa kuvuta trela letu lilikuwa limeharibika njiani. Baba alikuwa amekesha akilinda miwa yake iliyopakiwa. Saa nne asubuhi nilimpelekea uji, nikamkuta amelala chali kwenye rundo la majani makavu ya miwa, kofia ya makuti imefunika uso. Alikuwa anakoroma taratibu.

Nikasikia gari. Walishuka wanaume watatu waliovaa viatu safi, mmoja amebeba kamera yenye miguu mitatu. Walisema wametoka Nairobi na wanatengeneza sinema ya kuwafundisha wakulima. Mimi kamera nilikuwa nimeiona mara moja tu, ile ya mpiga picha wa sokoni, na nilijua kwamba picha ni ya watu wanaoheshimika: bibi harusi, padri, chifu.

"Huyu ni nani?" mwenye kamera akaniuliza.

"Ni baba yangu."

"Mbona analala?"

"Amechoka. Analindanga miwa."

Yule mtu alitazamana na wenzake, akatabasamu. "Tunaweza kumpiga picha?"

Moyo ulinidunda kwa furaha. "Pigeni tu. Lakini msimwamshe."

Kisha nikafanya jambo ambalo hakuna aliyenituma. Nilipiga magoti kwenye yale majani na nikaiondoa kofia usoni mwake, polepole, kwa vidole viwili, ili watu wa Nairobi wamwone baba yangu vizuri. Mdomo wake ulikuwa wazi kidogo. Inzi alitua shavuni, nikampunga aondoke.

Walipomaliza, mwenye kamera aliniinua nichungulie kwenye kidirisha chake. Nilimwona baba mle ndani, mdogo kama kidole, na pande zote ni majani tu. Nilishangaa. Trela lilikuwa hatua tatu kutoka alipolala, limejaa miwa hadi juu kama nyumba, na mle ndani halikuwepo. Niligeuza uso nikalitazama: lipo. Nikachungulia tena: halipo. Nilidhani kamera ile ina nguvu ya kuondoa vitu visivyo na maana.

Sikumwambia baba. Nilitaka aje ashtukizwe na furaha.

Ilipita miezi kadhaa kabla ya gari la sinema kufika. Jumamosi mchana tuliambiwa tulete mablanketi, na wanaume wakapanda kuyatundika kwenye madirisha ya kanisa mpaka ndani kukawa giza, ila matundu ya mabati yaliyomwaga vimiale vyembamba juu ya vichwa vyetu. Nje jenereta lilinguruma. Kitambaa cheupe kilifungwa mbele ya madhabahu. Mama alibaki nyumbani na mdogo wangu aliyekuwa na surua. Mimi niliketi kwenye benchi kati ya baba na Mama Rispa, mwanamke wa ng'ambo ya mto aliyeimba sauti ya pili kwenye kwaya. Mume wake alikuwa amelazwa hospitali ya misheni kwa muda mrefu, na siku hizo Mama Rispa alikuwa anaishi zaidi wodini kuliko kwake. Viti viwili mbele yetu alikaa afisa wa kilimo wa kampuni, yule aliyekuwa anapita mashambani na daftari.

Projekta ikawashwa, ile harufu ikaja, na kwenye kitambaa likatokea bomba la kiwanda likitoa moshi. Watu walipiga makofi. Waliona trekta, wakapiga makofi. Waliona mbwa akivuka barabara, wakapiga makofi zaidi.

Halafu akatokea baba.

Alikuwa mkubwa kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona. Pua yake ilikuwa kubwa kama mlango. Niliruka juu nikapiga kelele, "Baba! Ni baba!" Nikahisi mkono wake ukinishika begani, na sauti yake ikitoka kwa mshangao wa kweli, "Eh! Ni mimi?" Alicheka. Nataka mjue kwamba kwanza alicheka.

Kisha sauti ya mtu asiyeonekana ikasema, kwa Kiswahili safi cha redioni: "Huyu ni Bwana Kesho. Jua limepanda, majirani zake wako kazini, lakini yeye bado anaota. Palizi ni kesho, mbolea ni kesho. Haya, tulitazame shamba la Bwana Kesho."

Baba akatoweka. Mahali pake likaja shamba. Miwa ilikuwa myembamba kama vidole vya mgonjwa, imezama kwenye magugu yanayofika kiunoni. Katikati palikuwa na kichuguu chenye vilele viwili, na nyuma yake kipande cha ua ambapo ilianikwa nguo ya mwanamke, rangi ya samawati.

Kanisa lilipasuka kwa kicheko. Watu walipiga mabenchi. Mtu alipaza sauti kutoka nyuma, "Bwana Kesho, amka!" na kicheko kikaanza upya. Afisa wa kilimo aligeuka nusu kwenye kiti chake, akamtazama baba kwa muda mrefu. Mama Rispa alisimama ghafla, akajifunika leso mdomoni na kutoka nje akipita juu ya miguu ya watu. Nilijua kwa nini: alikuwa ameona haya kuketi benchi moja na mtu kama huyo.

Mimi niligeuka kumtazama baba. Mwanga wa sinema ulikuwa unacheza usoni mwake. Hakuwa anacheka tena, lakini pia hakuwa amekasirika. Alikuwa amekazia macho kile kichuguu, kama mtu anayesoma barua. Alifungua mdomo, akaufunga.

Shamba letu lilikuwa safi. Nilijua, maana nilikuwa nachuma mboga kwenye mipaka yake kila siku. Halikuwa na kichuguu. Lakini sinema ilikuwa imemwonyesha baba, na yule alikuwa baba kweli, hadi kovu la kidevuni. Kama baba alikuwa wa kweli, shamba lingekuwaje la uongo? Kamera haikuwa na kinywa cha kudanganya. Kwa hiyo, nikakata shauri mle gizani nikiwa na miaka tisa, baba ana shamba lingine.

Kufikia Jumatatu watoto wa shule nzima walikuwa wananiita Binti Kesho. Wiki iliyofuata wakulima walikutana chini ya uenyekiti wa afisa, wakasema mtu aliyeonekana na nchi nzima akilala hawezi kusimamia zamu za wengine. Baba aliwakabidhi kidaftari chake cha majina ya zamu, akarudi nyumbani akachukua jembe.

Mimi nilianza upelelezi. Kila alipotoka na baiskeli nilimfuata mpaka mahali ambapo miwa ilimmeza, nikitafuta kichuguu chenye vilele viwili. Sikukiona. Siku moja, tukichambua mboga, uvumilivu ulinishinda.

"Mama, ile shamba ingine ya baba iko wapi?"

Mama akacheka. "Ingine gani?"

"Ya kwa sinema. Iko na kichuguu. Na nguo imeanikwa."

"Nguo ya nani?"

"Ya mama. Ya bluu."

Mkono wake ulisimama juu ya ungo. Naona mpaka leo jinsi damu ilivyoondoka usoni mwake. Alinifanya nirudie mara tatu: kichuguu, ua, nguo. Hakuuliza kama nina hakika. Kila mtu alijua watoto hawawezi kubuni kitu kilichoonekana na kanisa zima.

Baba alipoingia jioni, hata kabla ya kunawa, alimwuliza pale pale mlangoni.

"Ile shamba niliambiwa watu wamecheka, ni ya nani?"

"Si yangu," baba akasema.

"Najua si hii yako ya hapa. Nauliza ni ya nani."

Baba alitutazama sisi watoto, akamtazama shangazi yake aliyekuwa amekuja kuomba moto. Shangazi huyo akisikia neno asubuhi, mchana liko sokoni.

"Si yangu," akarudia.

"Na hiyo nguo?"

Baba akachukua maji, akaenda kunawa.

Kulipokucha mama alifunga kitambaa kichwani, akambeba mdogo wangu mgongoni na kwenda kwao Lumakanda. Hakuaga mtu. Nilisimama barabarani nikimtazama mpaka akawa nukta, na nilikuwa nimeshtuka kiasi cha kushindwa kulia. Nilikuwa nimesema ukweli. Nilikuwa nimefundishwa kanisani na shuleni kwamba ukweli haumdhuru mtu.

Karibu mwezi mzima tulikula obusuma ya baba, ugali mbichi katikati na ulioungua pembeni. Hakunigombeza hata mara moja, wala hakuuliza ni nani aliyemwambia mama habari za nguo. Alinisuka nywele mwenyewe, vibaya, nikaenda shule vichwa vikigeuka. Usiku nilimchukia, na asubuhi akiniita "Mama, amka unywe chai" nilimpenda, na mambo hayo mawili yalikuwa yananichana.

Halafu akaenda Lumakanda kwa baiskeli. Alirudi siku ya tatu, na mama alikuwa nyuma kwenye keria, mtoto mgongoni. Mama aliingia jikoni, akaonja chakula kilichokuwa kwenye sufuria, akakimwagia kuku. Kesho yake, kabla umande haujakauka, wote wawili walichukua majembe na kwenda ng'ambo ya mto kulima kwa Mama Rispa. Walienda siku nyingi mfululizo. Sisi watoto tulikatazwa kuwafuata kwa sababu mto ulikuwa umejaa. Nilichukulia kwamba baba anamwomba mama msamaha kwa jasho, kwamba lazima amsaidie mke wa mgonjwa ili Mungu amfutie dhambi. Ile nyumba nyingine, nikadhani, imeachwa. Nikaukunja mkasa huo nikauweka moyoni na kukua nao. Nilipoolewa, nilimpeleleza mume wangu hivyo hivyo. Mume wangu hakuwahi kujua ni kwa nini.

Ndiyo maana nilitoka darasani nikaketi kwenye zile ngazi za chuo. Waliowakutanisha ni nyinyi. Ijumaa hiyo hiyo nilisafiri kwenda Musanda.

Baba sasa ni mzee, anasikia kwa sikio moja, lakini kichwa chake ni kizima. Nilimkuta ameketi kwenye ngozi nje ya nyumba akipukuchua mahindi, mama akiwa jikoni mlango wazi. Nilisalimia, nikakaa upande wa sikio lake zuri, na nikaanza na lililokuwa zito zaidi.

"Baba, siku ile ulipigwa picha umelala. Mimi ndiye niliwaambia wapige. Na kofia, mimi ndiye niliitoa."

"Najua," akasema. "Nilipoamka kofia ilikuwa imewekwa vizuri juu ya jiwe. Mwanaume hawezi kuweka kofia hivyo."

Sikuwa nimejiandaa kwa jibu hilo. Niliendelea kwa shida. "Na shamba ile. Haikuwa yako. Walikata picha mbili wakaunga."

"Mama, mimi sijui kukata picha. Lakini shamba nililijua hapo hapo. Kichuguu kile nilikuwa nakaa juu yake nikichunga ng'ombe nikiwa mdogo." Alitupa gunzi kwenye kikapu. "Ilikuwa ya Mama Rispa."

Nilimwona tena akisimama na leso mdomoni.

"Na hukusema? Walikucheka kanisa nzima! Walikunyang'anya zamu! Mama alienda!"

"Afisa alikuwa ameketi pale, viti viwili. Alikuwa anatafuta shamba chafu za kuondoa kwa orodha ya wakulima wa kampuni. Ningesema si yangu, angeuliza ni ya nani." Akachukua hindi lingine. "Mume wake alikuwa anakufa. Ile miwa ndiyo ilikuwa inaenda kulipa hospitali na kusomesha watoto. Mimi nilikuwa mzima. Mimi naweza kuchekwa."

Mama alikuwa ametoka jikoni, amesimama na mwiko. "Mimi aliniambia tukiwa Lumakanda, nyuma ya nyumba, watu wangu wasisikie," akasema. "Niliona haya mpaka nikataka kutembea kwa miguu kurudi. Tukaenda tukalima, tukamaliza kabla afisa hajavuka mto."

Nililia mbele yao kama nilivyoshindwa kulia barabarani siku ile. Nililia kwa ajili ya mtu niliyemsamehe miaka yote kosa ambalo hakulifanya. Baba aliningoja. Nilipotulia, nilimwambia kwamba Jumapili nitasimama kanisani, katika nafasi ya matangazo, niwaeleze watu wote. Wengi wa waliocheka wako hai bado.

"Hapana," akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikawa kali.

"Lakini baba, ni ukweli."

"Mama Rispa anaketinga benchi ya pili. Ana wajukuu. Atakaa wapi siku hiyo?"

Nikamwomba angalau aniruhusu niandike, mbali, kwa watu wasiomjua. Alipukuchua hindi zima, punje zikidondoka kwenye ungo moja moja, kisha akasema niandike, lakini kwanza nimpe yule mama jina lingine. Nikamwuliza nimpe lipi. Alitazama upande wa ng'ambo ya mto kama anayechagua zawadi.

"Mwite Rispa," akasema. "Ni jina nzuri."